Neno la Mama Waithera kwa Profesa Aliyemkatalia Bintiye

Mheshimiwa Makamu wa Chansela, Bwana Mkuu wa Kitivo cha Sayansi, maprofesa na madaktari wa masomo mliojaa hapa mbele mpaka naogopa hata kukohoa, viongozi wa dini, majirani wa Profesa kutoka Lavington, wenzangu wa chama cha akina mama wa Kabiria mliofunga biashara zenu mkaja mjini kwa ajili yangu, na zaidi ya wote wewe Profesa Gurcharan Singh pamoja na mke wako Ravneet: nawasalimu kwa heshima zote, na niliyemruka katika salamu ajue nimemruka kwa woga, wala si kwa dharau.

Mimi naitwa Wangui. Mume wangu ni Zachariah, yule pale mwenye koti la kijivu, ambaye tangu tushuke matatu pale Kenya Cinema ananiambia niseme maneno machache niketi. Nimemsikia. Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona sare za shule pale Kawangware, na kama mtoto wako amesoma kati ya Riruta na Dagoretti, huenda amevaa kazi ya mikono yangu na hujui. Shule yenyewe niliishia darasa la saba. Lakini nimemzaa Daktari Waithera, huyo mnayemwona meza ya mbele akiinamisha kichwa kwa sababu anajua mama yake ameshika kipaza sauti. Kwa hiyo ndugu zangu, nyinyi mna digrii zenu, mimi nina daktari wangu. Tuelewane hapo kwanza, halafu tuendelee.

Mtauliza, fundi wa nguo anatafuta nini kwenye sherehe ya kumuaga profesa anayestaafu? Hata mimi niliuliza. Ratiba ilisema kutakuwa na neno kutoka kwa mzazi wa mmoja wa wanafunzi wake, na Mkuu wa Kitivo alikuwa amemchagua mzazi mwingine, mtu wa maana, mwenye kampuni. Nimeambiwa Profesa alikataa. Alisema anamtaka yule mama aliyekwenda nyumbani kwake kumgombeza. Basi ndiye huyu.

Leo kila aliyesimama hapa amemsifu Profesa kwa wanafunzi aliowapitisha, na ni kweli, ni wengi. Mimi nimekuja kumsifu kwa kukataa. Nimekuja kumshukuru mtu aliyemwambia binti yangu hapana, akamwambia tena hapana, akarudia mpaka nikaanza kumtaja katika maombi yangu kwa njia ambayo Mchungaji, ukiniruhusu, sitaieleza hapa.

Wacha niwaeleze ilivyokuwa, maana kuna wageni hapa ambao si wa mambo ya mimea. Ninyi wataalamu mnivumilie nikieleza kwa Kiswahili cha sokoni. Kulikuwa na ugonjwa wa sukuma wiki, ule wa madoa meusi. Jani linaanza na doa dogo kama la wino, mara shamba zima limeoza. Kila mtu aliyesoma alijua unaletwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani. Na nani aliyewafundisha hivyo? Ni Profesa Gurcharan. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Wakulima walipiga dawa ya wadudu kwa sababu yake, na vitabu viliandikwa hivyo kwa sababu yake.

Halafu anatokea msichana wa Kabiria, hata tasnifu yake ya udaktari hajamaliza, anasema si vidukari. Anasema ugonjwa unakaa kwenye udongo, na mvua ikianguka juu ya udongo ulio wazi, matone yanarusha tope mpaka kwenye jani. Anasema funika udongo kwa nyasi kavu, na jani litabaki safi hata vidukari wakiwa wamejaa. Na huyo ambaye anatakiwa kumpitisha ni nani? Ni mwenye vidukari wake.

Nawauliza wazazi wenzangu, ungelala usingizi? Waithera alikuwa ameacha kazi ya kufundisha ili afanye utafiti huu. Profesa akisema hapana ya mwisho, hakuna udaktari, hakuna nafasi chuoni, na hayo maneno ya matope na nyasi yangezikwa hapo hapo. Yote yalikuwa juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Mara ya kwanza alipopeleka kazi yake, Profesa aliirudisha. Alimwambia kwamba ameonyesha madoa na mvua huenda pamoja, lakini hata miavuli na mvua huenda pamoja, na miavuli haileti mvua. Waithera alikuja nyumbani akasema eti Profesa ana haki. Ana haki! Mimi nilikuwa na mdomo umejaa pini, nusura nizimeze. Na mwenyekiti wetu wa chama, Wangeci, yule pale anayecheka, alisema maneno ambayo wengi wetu tuliyaamini. Alisema, "Huyo mzee amekalia wadudu wake tangu tuwe wasichana. Msichana wa Kabiria anamwambia ainuke, na wewe unangoja ainuke?"

Ulikuwa mwaka ule wa kura ya maoni ya katiba, ile ya ndizi na chungwa. Nchi nzima tulikuwa tunafikiria kura. Kwa hiyo mimi nilimuuliza Waithera swali ambalo lilionekana kwangu la akili sana: kwa nini msipige kura? Wanasayansi wakae, wainue mikono, wenye vidukari huku, wenye matope kule, na mimi nilishajua marafiki zake ni wengi kuliko wa Profesa. Alinitazama kwa huruma. Alisema, "Mama, sukuma wiki haitasoma matokeo." Nililifikiria jibu hilo wiki nzima nikishona, na nikaona kwamba ni kweli, tukipiga kura usiku na mchana jani litaendelea kuoza vile linavyotaka. Lakini sikumwambia kwamba nimeelewa. Mzazi hukubali polepole.

Kura imeshindikana, basi nikafanya tunavyofanya sisi. Kwetu, jambo la mtoto likikwama kwa mkubwa fulani, hamkai nyumbani mkilia. Mnakwenda kumwona. Mnakwenda wengi, mkiwa mmevaa vizuri, mkiwa na viondo, vile vikapu vyetu vya kusuka, vimejaa zawadi, ili ajue mtoto huyo ana watu. Si hongo, jamani, msinitazame hivyo. Ni heshima. Tukaenda Lavington na nduma, yale magimbi ya kwetu, na ndizi, na jogoo mkubwa ambaye Wangeci alimbeba mwenyewe kwapani.

Soja wa lango alipotuona akina mama na viondo na jogoo, alipiga simu ndani akasema kuna watu wamekuja kwa mambo ya posa. Ravneet, dada yangu, kumbuka ulivyotoka. Ulitoka mbio, kwa sababu kijana wenu Krish alikuwa hajaoa na wewe ulikuwa umechoka kungoja. Uso wako ulipoanguka uliposikia tumekuja kwa habari ya sukuma wiki, mimi nilikuhurumia nikasahau hasira yangu nusu.

Lakini nusu ilibaki, na Profesa aliipata yote. Nilimwambia anamzuia mtoto wa watu kwa wivu. Nilimwambia mengine pia. Alisikiliza akiwa amesimama na viatu vyake vya bustani, hakunikatiza. Nilipomaliza, tukamsogezea viondo. Na huyu mzee akakataa. Jogoo tungeelewa, maana yeye hali nyama. Lakini alikataa nduma. Alikataa hata ndizi moja.

Sasa nyinyi wa Lavington huenda hamjui hilo lina uzito gani. Kwetu, kiondo hakirudi kimejaa. Kiondo kikirudi kimejaa, ujue umekataliwa wewe, na mtoto wako, na nyumba yako.  Wangeci akamrudisha jogoo kwapani. Ndipo Profesa akaniambia maneno haya, nayakumbuka yalivyo.

"Mama Waithera, nikila nduma zako leo, na kesho niseme binti yako yuko sawa, nani ataniamini?"

Nikamuuliza, "Na usipokula, utasema yuko sawa?"

Akasema, "Sijui. Na yeye hajui. Ndiyo maana tunapima."

Tulipewa chai, chai nzuri ya maziwa na tangawizi, tukarudi Kabiria na mizigo yetu yote. Wangeci alisema njia nzima kwamba tumetukanwa.  Lakini mimi neno lile lilikuwa limeniingia. Mimi ni fundi. Mteja akija kuchukua sare, yule anayesema ni nzuri bila kuitazama hajanisaidia kitu. Anayenisaidia ni yule mama mkorofi anayeshika mshono kwa vidole viwili na kuuvuta mbele yangu, kwa sababu mshono ukiachia hapo dukani narekebisha, lakini ukiachia mtoto akiwa mstarini shuleni ni aibu yangu mpaka Uthiru. Nikajiuliza, je, huyu mzee anachana kazi ya mtoto wangu, au anavuta mshono?

Basi sikilizeni alivyovuta. Alimwambia Waithera: useme kabla ya mvua, si baada. Baada ya mvua kila mtu ni mtabiri. Akachagua mwenyewe mashamba upande wa Kikuyu, akachagua vitalu vipi vifunikwe nyasi na vipi vipigwe dawa ya wadudu viachwe wazi. Na aliyetazama majani kuhesabu madoa alikuwa mtu ambaye hakujua jani limetoka kitalu gani. Kwa nini? Kwa sababu jicho, alisema, hupenda kuona linachotaka, na hakumwamini Waithera, na hakujiamini yeye mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonishangaza. Ni wakubwa wangapi mnaowajua ambao hufunga macho yao wenyewe ili wasijipendelee?

Mvua ikanyesha. Kwenye nyasi majani yalikuwa safi, na vidukari wamejaa. Kwenye dawa, hakuna kidukari hata wa kuonja, na madoa tele. Nikaanza kununua kitambaa cha nguo ya sherehe. Profesa akasema hapana.

Akasema huo ni udongo mmoja na mvua moja. Akampelekea mambo yote Daktari Nakhumicha, ambaye yuko nasi leo, amesafiri kutoka upande wa Bungoma. Daktari Nakhumicha hakumjua Waithera wala mama yake, hakuwa na sababu ya kumpenda wala kumchukia. Akarudia kila kitu kwenye udongo wake. Na ikakataa. Ndugu zangu, ikakataa kabisa. Waliofunika nyasi na walioacha wazi, wote madoa.

Hapo ndipo nilipomwona binti yangu akiwa mdogo tena. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kati ya sare za watu, akasema labda yeye alikosea tangu mwanzo. Baba yake alimwambia asimwonyeshe mtu matokeo ya Bungoma, atumie yale ya Kikuyu tu, na Zachariah usikunje uso, ulisema kwa mapenzi. Waithera alikataa. Alichukua matokeo mabaya akayaweka juu ya meza ya Profesa mwenyewe. Mimi nilijisifu kwa hilo kabla sijajua litaishaje, na leo najisifu zaidi.

Halafu akapanda gari akaenda Bungoma kutazama. Alikuta miche ilikuwa inapandwa ikiwa tayari ina ugonjwa, kwa sababu kule kwenye kitalu cha miche udongo uliachwa wazi, na mvua ilikuwa imeshamaliza kazi yake huko. Nyasi zikawekwa wakati hakuna cha kuokoa. Akarudi mbio kumweleza Profesa. Na Profesa akamwambia neno ambalo naona lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa jengo hili. "Kisingizio na maelezo vinafanana sana. Tofauti yake ni mvua ijayo."

Basi wakangoja mvua ijayo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe hawa watu wanakubaliana kwa kungoja, kama wakulima. Safari hii Daktari Nakhumicha alifunika na miche pia. Na Waithera alikuwa amesema mapema, mbele ya watu, mashamba gani yatapona na gani yataoza, na kama akikosea ataacha. Nilipiga magoti kila siku kuomba mvua, halafu nikaogopa nikawa naomba isinyeshe, mpaka nadhani mbinguni waliamua kunipuuza.

Siku ya semina tulikuja akina mama wote, kwenye jengo lile la nyuma hapa hapa mjini. Bwana Musembi, aliyekuwa mwenyekiti wa semina, alituomba kwa adabu tusipige makofi wala vigelegele. Tulikaa kama tuko hospitali. Daktari Nakhumicha alieleza kwa sauti kavu kabisa: pale Waithera aliposema patapona, pamepona. Pale aliposema pataoza, pameoza. Wakauliza maswali, na wengine waliuliza kwa ukali. Waithera akajibu yale aliyoyajua, na mawili akasema hayajui. Kisha Profesa Gurcharan akainuka kutoka kiti cha nyuma kabisa, anapopenda kukaa.

Alisema, "Nimejaribu kuivunja nadharia hii kwa kila nilichokuwa nacho. Haikuvunjika. Inaeleza yote niliyoyaeleza mimi, na inaeleza yale niliyokuwa nayaficha chini ya zulia. Aliyewafundisha vidukari ni mimi. Kuanzia muhula ujao nitafundisha hii, mpaka aje atakayeivunja."

Bwana Musembi, nakuomba radhi kwa vigelegele vya siku ile. Uliomba vizuri, lakini uliomba jambo lisilowezekana.

Mheshimiwa Makamu wa Chansela, nimefika mahali ambapo mume wangu anadhani namaliza. Bado kidogo. Kama Profesa angekula nduma zangu na kusema ndiyo siku ile Lavington, binti yangu angepata karatasi, na kazi yake ingeanguka Bungoma mbele ya kila mtu. Kwa sababu alikataa, leo nyasi zinatandikwa mpaka mashamba ya watu ambao hawajawahi kusikia jina la Waithera, ingawa mimi nikikutana nao huwaambia. Yale mahapana yake yote ndiyo yaliyoifanya ndiyo yake iwe na uzito. Profesa, nilikuita mwenye wivu kwenye bustani yako mwenyewe. Leo mbele ya mkeo na wakubwa wako nakuita mwalimu wa mtoto wangu, na sina cheo kikubwa kuliko hicho cha kukupa.

Lakini sasa unakwenda kupumzika, na kuna jambo linaniwasha.

Mwezi uliopita Waithera alieleza wazo jipya. Anasema tope hilo hilo la mvua ndilo linaloumiza maharagwe. Profesa alikuwa safarini. Ukumbi ulijaa, watu walitikisa vichwa kukubali, kama mafahari, wakapiga makofi, siku hizi naona yanaruhusiwa. Nilidhani atarudi nyumbani anaruka.  Hakugusa chakula. Nikamuuliza kuna nini. Akasema msichana mmoja mwanafunzi alisimama kuuliza kama kwa maharagwe si mbegu yenyewe inayobeba ugonjwa, na kabla hajamaliza wakubwa wakamwambia aketi, amheshimu Daktari.

Waithera aliniambia, "Mama, walimnyamazisha kwa ajili yangu. Sasa nitajuaje?"

Nasikia mpaka leo wanamwita msichana huyo mkosa adabu huko kwenye korido zenu. Najua jina lake, maana nimeulizia. Anaitwa Tara. Tara, uko wapi mwanangu? Simama nikuone. Ahsante. Usiogope, simama tu, hakuna atakayekuketisha nikiwa na kipaza sauti hiki.

Watu wazima, nawaomba kitu kimoja na sitaomba kingine. Msimheshimu binti yangu namna hiyo. Mimi ninayempenda kuliko ninyi nyote nasema, mvuteni mshono. Waithera si kikombe, hatavunjika kwa swali. Tara, muulize. Mwambie aseme kabla ya mvua. Chagua shamba wewe, mfunge macho, mrudishie kazi yake, mpaka aje nyumbani kwangu Kabiria amekasirika na kusema kwamba una haki. Nitampa chai, na nitanyamaza.

Na kama wazo la maharagwe litavunjika, basi livunjike hapa kati yenu, kabla mama fulani hajapanda shamba lake lote kwa kuliamini. Yeye atabaki Daktari Waithera, mimi nitabaki mama yake, na kesho yake nitatafuta jambo lingine la kujisifia.

Profesa, Mungu akupe mapumziko mema. Wengine wote, ahsanteni sana kwa kunipa masikio yenu hadi neno la mwisho.